Kiwango Chako cha Tenisi: Jinsi ya Kujipima na Kumpata Mtu wa Saizi Yako

Muulize mchezaji yeyote wa tenisi kiwango chake, jibu ni lilelile: "Niko kati tu." Aliyeanza miezi sita iliyopita yuko kati. Aliyechezea timu ya chuo miaka kumi iliyopita yuko kati. Mimi pia nilikuwa nikijibu hivyo, hadi asubuhi moja hapa Dar es Salaam nilipopangiwa kucheza na mzee mmoja mstaafu, goti moja kalifunga bandeji. Nikampa shikamoo, akaitikia, tukaanza. Wakati huo nilikuwa mwaka wa tatu wa kucheza tenisi, na fohendi yangu, pigo la upande wa mkono unaoshika raketi, ilikuwa inasifiwa na kila apitaye pembeni ya uzio. Mzee alinifunga 6-1, 6-0, na sikumbuki mpira hata mmoja alioupiga kwa nguvu. Alikuwa anaurudisha tu. Nikipeleka kushoto unarudi, nikipeleka kulia unarudi, wa tatu au wa nne naupeleka kwenye neti mwenyewe.

Tulipokaa kwenye benchi kunywa maji, akaniuliza: "Mwanangu, fohendi yako nzuri kweli. Katika kumi, unapata ngapi?"

Sikuwa na jibu. Sikuwahi kuhesabu. Nilikuwa naijua ile moja iliyochana kona ya kiwanja, na hiyo ndiyo niliyokuwa naiita kiwango changu. Mwongozo huu wote unatokana na swali la yule mzee. Kiwango ni kile unachoweza kukirudia, tena pointi zikiwa zinahesabiwa. Ukishakijua, kumpata mtu wa kucheza naye kunakuwa kazi nyepesi, kwa sababu unajua unatafuta nani.

Hatua ya 1: Zielewe namba wanazotumia watu

Kwenye makundi ya WhatsApp ya wachezaji utakuta ujumbe kama "natafuta 3.5 wa Jumapili asubuhi." Namba hizo zinatoka kwenye kipimo cha Chama cha Tenisi cha Marekani kinachojulikana kwa herufi NTRP. Kilianza mwishoni mwa miaka ya 1970, kinapanda kwa nusu nusu kutoka 1.5 hadi 7.0. Huko juu, kwenye 7.0, wako wanaokula kwa mashindano ya dunia. Sisi tunaocheza kabla ya kwenda kazini tuko wengi zaidi kati ya 2.5 na 4.5, kwa hiyo hapo ndipo pa kuelewa vizuri.

Mchezaji wa 2.5 anaweza kurudishiana mipira ya polepole na mwenzake wa kiwango hicho, ila bado anahangaika kusoma mpira utadondoka wapi. Mara nyingi utamwona anakimbia mbele, kisha anarudi kinyumenyume. Wa 3.0 anaumudu mpira wa mwendo wa kadiri, lakini akitaka kuuongezea nguvu, kuuelekeza au kuupeleka mbali, unamponyoka. Wa 3.5 anachagua upande na mpira unamtii mradi haukuja kwa kasi sana. Anachokosa ni kina, yaani mipira yake mingi inadondoka katikati ya kiwanja, na hana mapigo ya aina nyingi.

Kati ya 3.5 na 4.0 kuna mlima. Wa 4.0 ana mwelekeo na kina kwa fohendi na bekihendi (pigo la upande wa pili wa mwili), lobu zake (mipira ya juu inayompita mpinzani kichwani) na voli zake (mipira inayopigwa kabla haijadunda) zinafanya kazi, na sevu yake, pigo la kuanzisha pointi, humlazimisha mpinzani akosee mara mojamoja. Anapopoteza pointi, mara nyingi ni kwa kukosa subira. Wa 4.5 ameongeza nguvu na mzunguko wa mpira, anauhimili mpira mkali, miguu yake inafika mapema, na sevu ya pili anaipeleka anakotaka.

Vipo vipimo vingine viwili utakavyokutana navyo, na hivi vinahesabiwa na kompyuta kutokana na matokeo ya mechi. UTR (Universal Tennis Rating) inaanza 1 na kupanda hadi 16.5. Namba ya Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, WTN (World Tennis Number), inakwenda kinyume: anayeanza ni 40 na mchezaji bora kabisa yuko karibu na 1. Watu wanachanganya hapa. Mtu akikwambia "mimi ni 12", muulize 12 ya wapi. Kwenye UTR huyo ni mkali, anaweza kuwa anachezea chuo kikuu huko Marekani kwa ufadhili. Mjerumani naye ana ngazi zake kutoka 25 kushuka hadi 1, na Mfaransa atakutajia kitu kama 30/2. Usibabaike, mwombe akueleze kwa maneno anachoweza kufanya.

Jambo moja nataka likukae kichwani. Chama chenyewe cha Marekani kimewahi kueleza kwamba ndani ya daraja moja la 3.5 yumo mwenye 3.01 na yumo mwenye 3.49, na wakikutana hao wawili matokeo ya kawaida ni 6-0, 6-0. Wote ni 3.5! Kwa hiyo namba inakufikisha mtaani tu. Nyumba utaitafuta mwenyewe.

Tena, NTRP ya wanaume na ya wanawake haziko sawa, hata namba zikifanana. UTR ndiyo inayowaweka wote kwenye ngazi moja bila kujali jinsia wala umri. Kwa mwanamke anayetafuta mtu wa kucheza naye katika klabu yenye wanawake wachache, UTR ina faida kubwa, maana inamwonyesha ni mwanaume yupi wa saizi yake kweli.

Hatua ya 2: Jipime kwa kuhesabu

Hii ndiyo hatua watu wanairuka, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Unahitaji daftari, kalamu, mtu mmoja wa kukusaidia na mipira kama ishirini. Ya kukodi kwa kocha inatosha.

Anza na kurudishiana kwa mshazari, fohendi kwa fohendi, kila mmoja akiwa nyuma kwenye mstari. Hesabuni mipira inayovuka neti na kudondoka ndani kabla ya mmoja kukosea. Fanyeni mara tisa, na kila mara uandike namba. Kisha zipange kutoka ndogo hadi kubwa, uchukue ile ya tano, iliyo katikati. Ukurasa wangu wa kwanza ninao hadi leo: 3, 4, 4, 5, 6, 6, 9, 14, 22. Kumbukumbu yangu ya siku ile ilikuwa ile 22. Daftari likaniambia mimi ni mtu wa 6.

Kwa makadirio yangu mwenyewe, yanayotokana na kuangalia watu wengi na ambayo hayamo katika kitabu cha chama chochote, aliye chini ya 5 yuko kwenye 2.5, kati ya 5 na 9 yuko kwenye 3.0; anayefika 10 na kuendelea huku mipira ikibaki upande mliokubaliana, huyo anagonga mlango wa 3.5. Rudia zoezi hilohilo kwa bekihendi na uandike pembeni. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni taarifa muhimu, kwa sababu mpinzani yeyote mwenye macho ataigundua ndani ya gemu tatu na mipira yote itaanza kuja upande huo.

Zoezi la pili ni la kina. Kiwanja kina urefu wa mita 23.77, kwa hiyo kila upande una karibu mita 11.9. Mstari wa sevu uko mita 6.40 kutoka kwenye neti. Kati yake na mstari wa nyuma kunabaki eneo la karibu mita tano na nusu, na humo ndimo mpira wako unatakiwa kudondoka kama hutaki mpinzani asogee mbele akumalize. Mwombe mwenzako akurushie mipira 20, kumi kila upande, nawe uipige yote. Ahesabu ile tu iliyodondoka ng'ambo ya mstari wa sevu na bado ikawa ndani. Kama ni chini ya saba, usishangae kwa nini watu wanakuvamia. Kama ni kumi na mbili au zaidi, tayari unacheza tenisi inayoheshimika.

Zoezi la tatu ni sevu ya pili peke yake. Piga sevu 20, kumi kila boksi la sevu, kama mtu ambaye tayari amekosa ya kwanza. Usipige ya kuombea. Piga ile ambayo ungeipiga 30-40 ukiwa nyuma. Hesabu zilizoingia. Hapa ndipo kiwango kinapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote, kwa maoni yangu. Nimewaona watu wenye fohendi ya 4.0 na sevu ya pili ya 2.5. Mchezaji wa namna hiyo hafungwi na mpinzani, anajifunga mwenyewe kwa makosa mawili mawili.

Baada ya hapo cheza seti mbili za kweli na mtu yeyote. Ukitoka, andika matokeo, andika makosa ya sevu, na andika kwa maneno yako pointi ulipoteza vipi. Mazoezini kila mtu ni mkubwa. Ikifika 4-4, mkono unakuwa mzito na mpira unafupika, na mkono huo mzito nao ni sehemu ya kiwango chako.

Hali ya mahali nayo uihesabu. Nairobi iko juu ya mita 1,700, hewa ni nyepesi na mpira unaruka mbali zaidi. Ndiyo maana kanuni za kimataifa zina mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Mtu wa Nairobi akishuka Mombasa siku ya kwanza atashangaa mipira yake inafia njiani, na jasho linamfanya ashindwe kushika raketi vizuri. Wa Dar akipanda Arusha, mipira itamtokea nje kwa nyuma. Usijipandishe wala kujishusha kwa sababu ya safari ya wikiendi. Subiri siku tatu nne.

Ukiwa na uwezo, mlipe kocha nusu saa akuangalie. Usimwulize "mimi ni mzuri?" Atakwambia ndiyo, wewe ni mteja. Muulize: "Kati ya wanafunzi wako wazima, ni yupi ambaye tukicheza seti itafika 6-4?" Kocha anazijua saizi za watu kama fundi cherehani, na jibu lake litakuwa na jina la mtu ndani yake.

Hatua ya 3: Jieleze kwa sentensi zinazoonekana

Ukiwa na daftari, tupa neno "kati". Andika hivi:

"Habari zenu wakuu. Natafuta mtu wa kucheza naye Jumanne na Alhamisi, saa 12 asubuhi hadi saa 1 na nusu. Nina miaka mitatu kwenye mchezo, najikadiria 3.0. Fohendi narudisha vizuri, bekihendi naikata tu, sevu ya pili ni ya polepole ila inaingia. Ningependa seti za kuhesabu zaidi ya kupigiana tu. Mipira mipya ya wiki ya kwanza nitaleta mimi."

Anayesoma ujumbe huu ameshajua kama anakufaa au la. Amejua saa, amejua udhaifu wako, amejua unataka nini. Hili la kutaka nini watu wanalisahau: mmoja anataka mechi, mwingine anataka kupigiana saa nzima atoe jasho apunguze kitambi, na wote wawili wana haki. Ila wakikutana bila kuambiana, mmoja ataondoka amenuna.

Usijipandishe. Ukisema 4.0 nawe ni 3.0, utacheza na mtu huyo mara moja tu, na hatapokea tena simu yako. Kujishusha nako ni kosa, hata kama tumelelewa kuona unyenyekevu ni adabu. Aliye 3.5 akijiita mwanafunzi anamharibia asubuhi mwanafunzi wa kweli.

Hatua ya 4: Wapi pa kuwatafuta

Klabu kongwe ndizo zenye watu wengi wa viwango tofauti: Gymkhana ya Dar es Salaam na ya Arusha, Nairobi Club na Parklands kule Nairobi, Mombasa Sports Club pwani. Kama si mwanachama, uliza utaratibu wa mgeni wa mwanachama. Viwanja vya hoteli, vyuo na shule vingi vinakodishwa kwa saa. Nenda alfajiri, kaa pembeni, tazama. Dakika ishirini za kutazama zinakuonyesha nani ni saizi yako kuliko ujumbe wowote wa simu.

Watu wa kuwauliza kwanza ni vijana wanaofanya kazi pale kiwanjani, wale wanaookota mipira na kupiga na wanachama wanaokosa mtu. Wanacheza na kila mmoja kila siku. Wanajua mama fulani wa Jumatano anatafuta mtu, na bwana fulani amehamishwa kikazi kamwacha mwenzake peke yake. Waamkie, waulize kwa heshima, na wakikuunganisha na mtu uwashukuru kwa mkono wenye kitu. Wengi wao ni wachezaji hodari kuliko wote waliopo uwanjani, na mara nyingine jibu la haraka ni kumlipa mmoja wao saa moja kwa wiki. Huyo anaweza kushuka hadi kiwango chako na kupanda nawe, kazi ambayo rafiki hawezi.

Kama mko watu wanane au kumi mahali pamoja, tengenezeni ngazi. Karatasi moja ukutani, majina kutoka juu hadi chini. Kila mtu anaruhusiwa kumpa changamoto aliye nafasi moja au mbili juu yake. Akishinda wanabadilishana nafasi, akishindwa anakaa alipo na hamrudii huyohuyo hadi wiki mbili zipite. Baada ya miezi miwili, aliye juu yako kidogo na aliye chini yako kidogo ndio saizi yako, wala hamkuhitaji namba ya mtu yeyote.

Kwa ndugu walioko Marekani, mambo yamerahisishwa: ligi za watu wazima zimepangwa kwa NTRP, na kwenye wawili wawili mchanganyiko (mwanamume na mwanamke upande mmoja) wanajumlisha namba za wenza, mfano jozi ya 7.0 ni mtu wa 3.5 na mwenzake wa 3.5, au 4.0 na 3.0. Hesabu hiyo ya kujumlisha naipenda na tunaweza kuitumia hata huku. Mkiwa wanne msiolingana, mkali zaidi acheze na aliye dhaifu zaidi, na mechi itasimama.

Dada zangu, mara ya kwanza na mtu usiyemjua mchague kiwanja chenye watu na saa yenye watu. Na kaka zangu, kuna tabia inaniudhi: mwanamke akija kiwanjani, mwanaume anaanza kumlegezea mipira kabla hajaona hata anashikaje raketi. Mpigie mpira wa kawaida. Kama ni mkali kwake, mtajua wote wawili ndani ya dakika tano, na atakuambia.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza

Anzeni karibu, kila mmoja kwenye mstari wa sevu, mkipigiana taratibu ndani ya maboksi kwa dakika tano. Watu wanaona ni mchezo wa watoto. Mimi hapo ndipo ninapomsoma mtu: anayeweza kuutuliza mpira mfupi ana mikono, na mwenye mikono atafika mbali hata kama leo miguu imegoma. Rudini nyuma dakika kumi, voli kidogo, sevu nne tano kila mmoja, halafu chezeni seti. Msiimalize saa nzima kwa kupasha moto.

Mpira ukiwa na shaka kama ni ndani au nje, mpe mpinzani. Hiyo ndiyo kanuni ya mechi isiyo na mwamuzi, wala haina mjadala. Mtu anayeita "nje" kwa kila mpira uliogusa mstari, hata awe saizi yako kabisa, mwache.

Hatua ya 6: Soma matokeo

Watu wa UTR wana kanuni nzuri ya kusema mechi ilikuwa ya ushindani: aliyeshindwa awe amepata zaidi ya nusu ya idadi ndogo kabisa ya gemu zinazohitajika kushinda. Mechi ya kushinda seti mbili kati ya tatu inahitaji angalau gemu 12 kushinda, sita kila seti, kwa hiyo aliyeshindwa awe na 7 au zaidi. Matokeo ya 6-4, 6-3 yanapita. Ya 6-3, 6-2 hayapiti.

Usihukumu kwa siku moja, lakini. Mmoja hakulala, mwingine katoka safari. Chezeni mara tatu. Kama katika mara mbili kati ya tatu aliyeshindwa amefika 7, mmepatana, pangeni siku ya kudumu. Kama mara zote tatu hakufika, semeni ukweli mapema kabla chuki haijaingia. "Ndugu yangu, naona nakuchosha bure, unaonaje tukutane mara moja kwa mwezi badala ya kila wiki?" Hakuna aliyewahi kunikasirikia kwa maneno hayo.

Hatua ya 7: Mkipishana lakini mnapendana

Mara nyingi mtu wa karibu nawe, jirani, mkeo, shemeji, hayuko saizi yako, na ndiye unayetaka kucheza naye. Usimlegezee kimya kimya. Anajua, na inamuumiza. Wekeni masharti mbele. Mkali aanze kila gemu akiwa nyuma kwa 15, yaani pointi moja, ikibidi 30, yaani mbili. Au apewe sevu moja tu badala ya mbili. Au mipira yake yote iwe lazima ivuke mstari wa sevu, na ikidondoka mfupi amepoteza pointi. Ninalipenda zaidi hili la mwisho, kwa sababu mkali naye anafanya mazoezi ya kina huku mwenzake akipata mpira anaoweza kuufikia. Ndani ya masharti hayo, kila mtu acheze kwa nguvu zake zote.

Na kama mmoja ni mgeni kabisa wa mchezo, tafuteni mipira ya kijani, ambayo ni polepole kwa robo kuliko ya kawaida, au ya rangi ya chungwa, polepole kwa nusu. Imetengenezwa kwa watoto lakini mtu mzima anayeanza anafaidi vilevile. Badala ya kuokota mipira kwenye uzio, jioni hiyohiyo anaweza kurudishiana.

Hatua ya 8: Mtunze uliyempata

Kumpata mtu wa saizi yako mwenye ratiba kama yako ni bahati, na bahati hiyo inaharibiwa na vitu vidogo. Mipira: kopo la mipira mitatu au minne likifunguliwa, presha inaanza kutoka, na mipira iliyokufa inamfanya mtu aonekane ameshuka kiwango. Leteni kwa zamu. Gharama ya kiwanja na ya kijana anayeokota mipira igawanywe palepale, si "nitakutumia kwa simu" ambayo haifiki. Ukishindwa kuja, sema usiku wa jana. Mtu aliyeamka saa kumi na moja, kavuka mji, kafika kiwanjani na kujikuta yuko peke yake na simu yako imezimwa, hasahau.

Usimfundishe asipokuomba.

Na kwenye wawili wawili, mtafute anayekukamilisha zaidi ya anayefanana nawe. Angella Okutoyi wa Kenya alipotwaa taji la wasichana la wawili wawili pale Wimbledon mwaka 2022, mwenza wake alikuwa Mholanzi, Rose Marie Nijkamp. Wewe kama unakaa nyuma na kurudisha kila kitu, umtafute anayependa neti. Kama sevu yako ni dhaifu, umtafute asiyekunja uso ukikosa mbili mfululizo.

Hatua ya 9: Rudi kwenye daftari

Kila baada ya miezi mitatu rudia mazoezi yote ya hatua ya 2, kwenye kiwanja kilekile ukiweza, na uandike tarehe. Panga wiki zako zichanganyike: siku moja na aliye juu yako, ujue mpira mkali unafananaje, siku moja na saizi yako, ndiyo ya mechi, na siku moja na aliye chini, ambapo unajaribu lile pigo jipya usilothubutu kulitumia kwingine. Anayekimbilia wakali tu hajifunzi kushinda.

Ukurasa wangu wa mwezi uliopita ulikuwa 7, 8, 9, 11, 11, 12, 15, 18, 31. Sasa mimi ni mtu wa 11. Yule mzee tunacheza naye kila Jumatano. Kwa mwaka na zaidi alikuwa akinipa 15 mkononi mwanzoni mwa kila gemu, kama tulivyokubaliana siku ileile kwenye benchi, na bado alinifunga mara nyingi kuliko nilivyomfunga. Jumatano iliyopita nilipokuwa nasogea kwenye mstari kupiga sevu ya kwanza, nikasema kama kawaida, "Kumi na tano, sifuri." Akainua raketi kunisimamisha.

"Leo tuanze sifuri kwa sifuri," akasema, akajiweka sawa kupokea.